Rasimu ya kwanza iandikwe na mashine au na mfanyakazi?

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, mazungumzo kuhusu akili mnemba kazini, ambayo wengine huiita akili bandia na wengine akili unde, yamekuwa yakizunguka swali moja: je, mashine itachukua kazi zetu au haitachukua? Kwa mfanyakazi anayefika ofisini Jumatatu asubuhi na kukuta mafaili yakimsubiri, swali hilo halina msaada mkubwa, kwa kuwa jibu lake haliko mikononi mwake. Kuna swali jingine, dogo zaidi, ambalo yeye na mkuu wake wa kitengo wanaweza kulijibu wiki hii hii, nalo ni kwamba mashine iingie katika hatua gani ya kazi.

Kwa kazi za maandishi, njia zilizopo kimsingi ni mbili. Katika ya kwanza, mashine hutangulia: mfanyakazi huipa maelekezo au matini asilia, nayo humletea rasimu kamili, kisha yeye huisoma, huisahihisha na kuipeleka mbele. Katika ya pili, mtu hutangulia: mfanyakazi huandika mwenyewe tangu mwanzo, na mashine huitwa mwishoni ipitie kazi yake, itafute neno lililorukwa, tarakimu iliyokosewa au sentensi isiyoeleweka. Programu inaweza kuwa ile ile, na pengine hata gharama ya kuilipia kwa mwezi haitofautiani, lakini kazi inayobaki kwa mtu hubadilika kabisa kulingana na nani ametangulia. Mimi ni mfasiri na mhariri hapa Dar es Salaam, na nimefanya kazi kwa njia zote mbili. Kwa hiyo mifano mingi itatoka katika tafsiri, ingawa ninaamini karani wa masjala, mwandishi wa taarifa za habari na msaidizi wa wakili watajiona humu pia. Shirika la Kazi Duniani, katika uchambuzi wake wa mwaka 2023, liliziweka kazi za ukarani mbele ya nyingine zote kwa kuguswa na teknolojia hii, likikadiria kwamba asilimia 24 ya majukumu ya makarani yanaguswa kwa kiwango cha juu.

Kasi

Hapa njia ya mashine kutangulia ina hoja nzito, na si haki kuipuuza. Watafiti Shakked Noy na Whitney Zhang walichapisha mwaka 2023 jaribio lililohusisha wataalamu 453 waliopewa kazi za kawaida za uandishi wa ofisini, kama taarifa kwa vyombo vya habari na ripoti fupi. Waliotumia ChatGPT walipunguza muda kwa asilimia 40, na ubora wa kazi zao, kwa macho ya waliozipima, ulipanda kwa asilimia 18. Uzoefu wangu unakubaliana na mwelekeo huo pale matini inapokuwa nyepesi na yenye kujirudia. Mwongozo wa kutumia jokofu, ambao ningeutafsiri kwa siku nzima, huwa mezani kwa mteja kabla ya saa nane mchana.

Hata hivyo, takwimu hizo zilitoka katika kazi zilizoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mashine imelishwa maandishi yake kwa wingi usio na kifani. Tena kasi inayopimwa na kasi inayohisiwa ni vitu viwili. Mwaka 2025, taasisi ya utafiti ya METR ilitoa matokeo ya jaribio la waandishi wa programu 16 wenye uzoefu mkubwa, waliofanya kazi 246 katika miradi waliyoijua vizuri. Waliporuhusiwa kutumia akili mnemba, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na walipoulizwa baadaye waliamini kwamba muda wao ulikuwa umepungua kwa asilimia 20. Nilipousoma utafiti huo nilicheka peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwambia mwenzangu kwamba ripoti moja ya kilimo "nimeimaliza chapuchapu", na saa ya kompyuta ilionyesha kuwa nilikuwa nimekaa nayo siku mbili na nusu.

Njia ya mtu kutangulia haina muujiza wa kasi wa kuutangaza. Ukaguzi wa mashine mwishoni huongeza dakika chache. Faida yake ni kwamba huokoa ile safari ya kurudishiwa kazi na mteja.

Kosa moja, gharama mbili

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa ndipo njia hizi zinapoachana.

Mfasiri wa Kiswahili hakuanza kukutana na mashine jana. Google Translate iliongeza Kiswahili mwaka 2009, lakini kwa miaka mingi rasimu zake zilikuwa mbovu kiasi kwamba kuzirekebisha kulichosha kuliko kuanza upya. Ubovu ule ulikuwa na heri yake: ulijitangaza wenyewe. Ngeli ziligongana, vitenzi vilikaa pasipo mahali pake, na msomaji alijua tangu mstari wa kwanza kwamba hapa pana kazi. Rasimu za leo zinasomeka. Upatanisho wa kisarufi mara nyingi uko sawa, na sentensi zina mteremko mzuri, ingawa mhariri mzoefu bado atazikamata kwa visogo vyao, kama vile sekta "kucheza jukumu muhimu" badala ya kuwa na nafasi kubwa, au mkutano "kuchukua nafasi" badala ya kufanyika. Makosa yaliyobaki ni machache zaidi, na yamejificha vizuri zaidi.

Chukua kipeperushi cha chanjo ya watoto ambacho kilipita mezani petu. Matini ya Kiingereza ilisema kituo kiko wazi kuanzia 8:00 asubuhi hadi 4:00 alasiri, kwa saa za Kizungu. Rasimu ya mashine ikaandika kwamba huduma hutolewa "saa 8:00 hadi saa 4:00". Mama wa Mbagala akisoma hivyo ataelewa kwamba aje mchana baada ya chakula, na akifika atakuta foleni imekwisha na wauguzi wanafunga madaftari. Watu wawili waliipitia rasimu hiyo kabla haijanifikia, wote wazawa wa lugha, wote wanaosema "tukutane saa mbili" kila siku ya maisha yao, na wote waliiacha ipite. Nilipomuuliza mmoja wao, kijana makini sana, alinijibu kwa unyenyekevu, "Shikamoo bosi, mimi nililinganisha tarakimu. Kule kuna nane na huku kuna nane." Alikuwa amefanya hasa kile ambacho msahihishaji wa rasimu hufundishwa kukifanya.

Sasa geuza mpangilio. Kijana huyo huyo angeandika kipeperushi kutoka kichwani mwake, mkono wake ungeandika "saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:00 jioni" bila hata kufikiri, kwa sababu saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hilo halihitaji kamusi. Nimelijaribu jambo hili baadaye. Niliipa mashine tafsiri yangu pamoja na matini asilia, nikaiagiza itafute hitilafu, na katika jaribio moja ikaniwekea alama kwamba saa nilizoandika hazilingani na za asili. Ilikuwa na kasoro ile ile ya awali, lakini safari hii iliniibia sekunde mbili tu: nilisoma, nikatikisa kichwa, nikaendelea.

Kwa hiyo, uwezo wa mashine ukiwa ni ule ule, kosa lake huwa na uzito tofauti kulingana na mahali lilipotokea. Likitokea kwenye rasimu, hubaki mpaka mtu alione. Likitokea kwenye ukaguzi, haliingii popote mpaka mtu alikubali.

Jambo la pili linahusu kukwama. Mtu anayeanza na ukurasa mtupu hukwama, na kukwama huko kuna kazi yake. Katika hati moja ya kiapo kuhusu mirathi, neno la Kiingereza linalojumlisha wajomba na baba wadogo lilitajwa mara saba. Mashine ilitangulia katika hati ile, ikaandika "mjomba" mara zote saba, na Kiswahili chake hakikuwa na doa lolote la kumshtua msomaji. Kama mtu angeanza, asingevuka aya ya pili bila kunyanyua simu na kumuuliza mteja: huyu ni ndugu wa mama au ndugu wa baba? Na kama ni wa baba, ni mkubwa au mdogo kwake? Katika shauri la urithi majibu hayo yanaweza kuamua nani anasimama upande gani wa mahakama. Mashine haikwami, hujaza pengo na kusonga mbele, na rasimu iliyojazwa haionyeshi kwamba palikuwa na pengo. Ukienda upande wa pili, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, tatizo hugeuka: Kiswahili hakisemi kama muuguzi aliyetajwa ni mwanamume au mwanamke, na mashine hulazimika kuchagua, aghalabu kwa mazoea ya maandishi iliyolishwa badala ya ukweli wa mtu anayezungumziwa.

Wanaodhani kwamba hili ni tatizo la lugha yetu peke yake watazame nje. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zilizonukuu kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT, zikiwa na majina na namba za kesi zilizopangika vizuri. Mwaka huo huo watafiti wakiongozwa na Fabrizio Dell'Acqua waliwapima washauri 758 wa kampuni ya Boston Consulting Group. Katika majukumu yaliyo ndani ya uwezo wa mashine, waliotumia GPT-4, mashine ya kampuni ile ile iliyotengeneza ChatGPT, walifanya vizuri zaidi na kwa haraka zaidi. Katika jukumu lililochaguliwa makusudi kuwa nje kidogo ya uwezo huo, uwezekano wao wa kupata jibu sahihi ulishuka kwa pointi 19 za asilimia ikilinganishwa na wenzao waliofanya bila msaada. Kwa nje, majukumu hayo mawili hayakuwa na tofauti ya kumtahadharisha mtu.

Malipo na jina la kazi

Mpangilio wa hatua hubadilisha pia jina la kazi, na jina la kazi hubadilisha malipo. Mfasiri hulipwa kwa neno au kwa ukurasa. Mashine ikitangulia, mteja husema kwamba sasa anachohitaji ni "kupitia tu", na bei ya kupitia ni sehemu tu ya bei ya kutafsiri. Nimepokea hati ambazo "kupitia tu" kwake kulinichukua muda mrefu kuliko ambavyo ningezitafsiri mwenyewe, kwa malipo ya chini ya nusu. Kwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, athari huja kwa sura nyingine: idadi ya kazi anayotarajiwa kuimaliza kwa siku hupandishwa, huku muda wa kusoma kwa utulivu ukihesabiwa kuwa uvivu.

Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waliliona jambo hili mapema. Mgomo wa chama chao mwaka 2023 ulidumu siku 148, na mojawapo ya hofu zao ilikuwa kwamba studio zingetoa rasimu ya mashine, kisha ziwaite wao kuiandika upya kwa malipo madogo ya marekebisho badala ya malipo ya mwandishi wa kwanza. Mkataba uliomaliza mgomo unasema kwamba maandishi ya akili mnemba hayawezi kutumiwa kupunguza stahili za mwandishi, kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kuitumia, na kwamba akipewa maandishi yaliyotoka kwa mashine lazima aambiwe.

Sharti hilo la mwisho, la kuambiwa, ningependa kila mkataba wa tafsiri Afrika Mashariki uwe nalo. Viwango vya kimataifa vya tafsiri vinatofautisha kazi hizi mbili: ISO 17100 ya mwaka 2015 inahusu tafsiri iliyofanywa na mtu na kupitiwa na mtu wa pili, na ISO 18587 ya mwaka 2017 inahusu uhariri kamili wa tafsiri iliyotoka kwa mashine. Ni huduma mbili, zenye majina mawili, na mteja anapaswa kujua ni ipi anayoinunua.

Anayejifunza kazi

Hapa nakiri kwamba sina msimamo ulionyooka. Mtafiti Erik Brynjolfsson na wenzake walifuatilia takribani wafanyakazi 5,000 wa huduma kwa wateja ambao mashine iliwapendekezea majibu wakiwa wanazungumza na wateja. Tija iliongezeka kwa asilimia 14 kwa wastani, lakini kwa wageni wa kazi iliongezeka kwa asilimia 34, ilhali wakongwe karibu hawakunufaika. Ukimtazama mwajiriwa mpya peke yake, njia ya mashine kutangulia inamwinua haraka, na si haki kumnyima ngazi hiyo kwa sababu tu sisi tulipanda kwa kucha.

Lakini mashine katika kampuni ile ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya wakongwe wa kampuni hiyo hiyo. Kijana wangu wa kipeperushi hana mashine iliyojifunza kwa wafasiri wakongwe wa Kiswahili. Tena usahihishaji mzuri unamtaka msahihishaji awe ameshaandika sana, kwa kuwa hulinganisha kilicho mbele yake na kile ambacho yeye mwenyewe angekiandika. Asiyewahi kuandika hulinganisha tarakimu. Nimeamua, kwa majaribio, kwamba anayeanza kazi kwetu aandike mwenyewe kwa miezi sita ya kwanza, mashine imkague, na rasimu za mashine azione baadaye. Mwenzangu mmoja anaendesha ofisi yake kinyume cha hivyo, na vijana wake hawafanyi vibaya.

Siri za mteja

Hapa njia zote mbili ziko sawa, hivyo isiwe kigezo cha kuchagua baina yazo. Ukiipa mashine ya mtandaoni hati ili ikaitafsiri, umeitoa nje ya ofisi. Ukiipa ili ikaikague, umeitoa vilevile. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Cheti cha daktari, hati ya talaka au orodha ya mishahara visibandikwe kwenye programu ya bure bila ridhaa ya mwenyewe.

Kuchagua kwa aina ya kazi

Ningeiacha mashine itangulie katika maandishi yanayojirudia, yenye istilahi zilizokwisha kukubaliwa, na ambayo kosa lake litaonekana na kurekebishika kabla halijamuumiza mtu: miongozo ya vifaa, maelezo ya bidhaa, muhtasari wa ndani wa kikao, barua za kawaida za kukiri kupokea. Hata humo ningeondoa kwanza saa, vipimo na majina ya ukoo, nikavitafsiri kwa mkono.

Kwa matini ya tiba, ya sheria, ya matangazo kwa umma na ya fasihi, ningeandika mwenyewe na kuiita mashine mwishoni. Tiba na sheria ni kwa sababu ya uzito wa kosa. Tangazo na fasihi ni kwa sababu ya sauti: rasimu ya mashine ikishakaa mbele ya macho, ni vigumu sana kuisikia sentensi ambayo ingekuja yenyewe. Nimewahi kulirekebisha shairi la mashine kwa saa tatu, na nilichopata mwishoni kilikuwa ni mashine iliyopakwa rangi. Nililifuta lote, nikaenda kunywa chai, nikarudi na mishororo miwili.

Kati ya makundi hayo kuna eneo pana, hasa ripoti za miradi na taarifa za mwaka, ambalo hakuna anayeweza kukuamulia akiwa mbali. Lipime mwenyewe. Chukua ripoti moja yenye sura mbili zinazofanana kwa ugumu. Sura moja mashine itangulie, nyingine aanze mtu, na mfanyakazi awe yule yule, ikiwezekana kwa siku mbili tofauti ili uchovu wa moja usiiangukie nyingine. Kisha sura zote mbili zipewe msomaji wa pili ambaye hajaambiwa ipi ni ipi, naye arudishe kila alichokiona. Usihesabu muda kwa kumuuliza mfanyakazi, kwa sababu tumeshaona jinsi wataalamu 16 walivyojidanganya, tumia saa. Na saa isisimamishwe rasimu inapokamilika, bali pale msomaji wa pili atakaporudisha ukurasa usio na alama yake hata moja.